Tangu Lini Analala Hapa

Siku waliponiaga ofisini, Esperansi, ambaye nilimpokea akiwa hajui hata kufungua jedwali kwenye kompyuta, alisimama mbele ya wote akasema nimewaachia vitu vingi, lakini kimoja hakitafutika: swali la safu ya kumi na moja kwenye fishi yetu ya watoto, ile karatasi ya maswali. Watu wakapiga makofi. Mimi niliinua chupa yangu ya soda na kutabasamu kama mtu anayepokea haki yake.

Sasa nimestaafu. Nina asubuhi ndefu na kiti kinachotazama ziwa, na lile tabasamu limekataa kuniacha. Kwa hiyo nawaandikia ninyi mliobaki kwenye meza zile. Vyeo vyangu mtavisoma kwenye faili. Ni vingi na nilivistahili vyote, sina haja ya kuvirudia. Ninachotaka mkijue ni jinsi kazi hii ilivyofanyika wakati wa vita, na swali lile lilitoka wapi.

Nianze kwa kujisifu, ili tumalizane na hilo mapema. Nilizaliwa kwenye milima iliyo juu ya Luvungi, nikalelewa na shangazi yangu Kavimvira, pale Uvira. Vita ya kwanza ilinikuta nikifundisha shule ya msingi. Nilivuka ziwa kwenda Kigoma nikiwa na shati moja na chaki mfukoni, na niliporudi nilikuwa na diploma ya takwimu. Katikati hapo hakuna aliyenishika mkono. Nilisoma kwa barua nikiwa kambini, nikiandika mazoezi nyuma ya karatasi za kugawia maharage. Wapo waliorudi na baiskeli, wapo waliorudi na mabati. Mimi nilirudi na karatasi moja ndani ya mfuko wa plastiki, nimeifunga tumboni chini ya shati, na mtu aliyekaa karibu nami botini alidhani nina kidonda.

Kambini ndiko nilikojifunza kupima watoto. Mwalimu Bitegeko, Mtanzania mmoja mfupi mwenye sauti ya chini, alinifundisha kwamba mtoto wa miaka miwili hakubali kukaa kwenye mizani ya mtu mgeni, na ana haki ya kukataa. Kwa hiyo unampandisha mama akiwa amembeba, unaandika. Kisha mama anamkabidhi mtoto kwa mwingine, anapanda peke yake, unaandika tena. Unatoa. Kinachobaki ni mtoto. Alipoanza kunifundisha modeli, alirudi palepale kwenye mizani. Afya ya mtoto, alisema, imebebwa na mambo mengi kwa pamoja: maji anayokunywa, chandarua, alichokula jana, kusoma kwa mama yake, umbali wa nyumba na muuguzi. Huwezi kukipima kimoja kikiwa kimebebwa na vingine. Modeli ni namna ya kuvishusha kimoja kimoja kwa hesabu, ili uone kila kimoja kina uzito gani peke yake. Nimesoma maelezo mengi tangu wakati huo, mengine yamejaa herufi za Kigiriki, na sijaona lililozidi hilo.

Nilirudi Uvira vita ya pili ikiwa bado haijapoa. Daktari aliyeongoza ofisi yetu ya afya aliitazama diploma yangu mbele na nyuma, akaniuliza kama naweza kufanya kazi bila umeme, nikasema naweza, akanipa meza yenye miguu mitatu na tofali. Kompyuta ilikuwepo, ila iliwaka siku jenereta ilipopata mafuta. Siku nyingine zote nilitumia kalkulatrisi, mashine ndogo ya hesabu inayotumia jua, niliyoiweka dirishani, na mawingu ya mvua yalipotanda kutoka mlimani namba zilififia katikati ya hesabu. Nilijifunza kugawanya asubuhi na kujumlisha jioni. Ninyi mnaolalamika kwamba mashine ni nzito, mngeniona.

Wenzangu walinicheka kwa jinsi nilivyosema. Kigoma ilikuwa imeninyoosha ulimi, nami niliona fahari kusema vizuri. Kabla ya wiki kwisha nilikuwa nimeitwa Mutanzania, na jina hilo halikuondoka. Hata mlinzi wa lango aliniuliza kama Tanzania wananipa likizo ya kuja kufanya kazi Kongo.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Shirika moja la wageni lilitupa dawa, chumvi za maji kwa wanaoharisha, na pakiti za karanga zilizosagwa kwa ajili ya watoto waliodhoofu. Vitu vilikuwa vichache na vituo vilikuwa vingi. Shirika lilitaka kujua ni mambo gani yanawaumiza zaidi watoto walio chini ya miaka mitano katika uwanda wa Ruzizi, ili vitu vipelekwe panapofaa. Mimi ndiye niliyetengeneza fishi ya maswali kumi, nikawafundisha wapimaji, nikatembea nao nyumba kwa nyumba pale njia iliporuhusu.

Njia haikuruhusu kila siku. Karatasi yenye majina ya watu ilikuwa kitu kibaya kukutwa nacho kwenye kizuizi. Aliyekuwa na bunduki angeweza kudhani umeandika jambo lingine kabisa. Kwa hiyo kwenye fishi zangu hakukuwa na majina, namba tu, nazo nilizisafirisha ndani ya gunia la ndagala wakavu. Hadi leo fishi za mwaka ule zina harufu ya samaki. Siku moja askari aliliona gunia, akachimba, akatoa ule ukanda wa kupima mkono wa mtoto, wenye rangi nyekundu, njano na kijani. Akaniuliza ni silaha gani hii. Nilimweleza. Akaenda nyuma ya kibanda na kurudi na mwanawe, akanyoosha ule mkono mdogo mbele yangu. Ulikuwa kwenye njano, hatua moja kabla ya hatari. Nilimwambia aende wapi na aseme nini. Tulipita bila kudaiwa kitu.

Umri nao ulikuwa na kazi yake. Kina mama wengi hawakuwa na karatasi ya kuzaliwa, wala hawakuhitaji. Tuliuliza: alizaliwa kabla ya kukimbia kwa kwanza au baada yake? Maharage yalikuwa yamepandwa au yamevunwa? Mtoto wa jirani aliyezaliwa mvua ileile ni yupi? Kwa maswali matatu hivi nilipata umri wa mtoto kwa ukaribu ambao ungewashangaza watu wenye vyeti. Nilijivunia njia hiyo, na bado najivunia. Inasikitisha kwamba niliyejua kuuliza umri kwa mvua, sikujua kuuliza jambo lingine kwa njia hiyohiyo. Ila nisitangulie.

Fishi zilipotimia nilijifungia na kalkulatrisi, na siku mbili za jenereta, nikatengeneza modeli. Mengi yalitoka kama yalivyotarajiwa. Maji ya mto bila kuchemshwa yaliumiza, chandarua kilisaidia, mama aliyesoma alisaidia. Lakini jambo moja lilitoka kinyume na matarajio yote. Katika kijiji cha Nyakabere, kadiri nyumba ilivyokuwa karibu na kituo kidogo cha afya, ndivyo mikono ya watoto ilivyokuwa myembamba. Nilishusha maji, nilishusha chakula, nilishusha kila kitu kwa mpangilio wa Mwalimu Bitegeko, na jibu lilibaki lilelile. Kukaa karibu na kituo kulikuwa hatari kwa mtoto.

Mtu mwingine angesita. Mimi nilifurahi. Nilikuwa nimepata kitu ambacho hakuna daktari aliyekiona, na nilikipata kwenye meza ya miguu mitatu. Nikatafuta sababu, na mtu akitafuta sababu huipata: wagonjwa hukusanyika kituoni, huambukizana, na walio jirani huugua. Nilisimama mbele ya mratibu wa shirika, mtu mrefu, mtulivu, aliyesoma kila ukurasa aliopewa, nikamweleza kwa Kifaransa changu kizuri. Akaandika. Baada ya siku chache barua ilikuja ofisini: pakiti na dawa za Nyakabere zitahamishiwa Luvungi, kituo kitabaki na chumvi za maji tu, na lori litakuja kubeba akiba baada ya masoko mawili. Kwa hesabu ya sokoni hizo ni wiki mbili. Mtu wa Nyakabere mwenye mtoto dhaifu angelazimika kumbeba hadi Luvungi, kwa miguu, kwenye barabara iliyobadilisha wenyewe wenye bunduki kila baada ya siku kadhaa.

Siku ya nne baada ya barua ile, muuguzi wa Nyakabere aliingia ofisini. Anaitwa Mama Nabintu. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, mwenye vumbi la njia hadi magotini, na alikuja akiwa amepakiwa nyuma ya baiskeli ya mwuza mihogo. Hakusalimia wengine. Alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu.

"Ni weye Mutanzania?"

Nikasema ni mimi.

"Minye iko na swali moja. Ulihesabu batoto, ama ulihesabu mikeka?"

Nilimwambia nilihesabu watoto, mmoja mmoja, nikampima kila mmoja mkono. Nikamwonyesha jedwali. Nikamweleza modeli, kuanzia mizani hadi mwisho, na naamini nilieleza vizuri. Alisikiliza akiwa amekunja mikono. Nilipomaliza alisema mambo yangu ni mazuri sana, na kesho twende Nyakabere nikawaeleze wale waliopimwa. Nikatafuta kisingizio. Daktari, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alisema hakuna kisingizio.

Tulifika Nyakabere kesho yake kabla jua halijakuwa kali. Hakunipeleka kituoni. Alinipeleka nyumba ya kwanza nyuma ya kituo, ya mwanamke mzee, koko Nahimana, kama tunavyowaita bibi zetu huku. Nyumba ile niliikumbuka. Nilikuwa nimeipima mimi mwenyewe. Watoto wanne wadogo, mmoja wao msichana mwenye miguu iliyovimba na nywele zilizopauka. Kwenye fishi niliandika: watoto wa nyumba hii, wanne.

Nabintu akaniambia niulize tena kama nilivyouliza mara ya kwanza. Nikamuuliza koko Nahimana kama watoto hawa ni wake.

"Ni bangu bote," akasema, akimvuta yule msichana karibu na goti lake.

Nikamtazama Nabintu kama kusema, unaona. Yeye akakaa chini kwenye mkeka, akaanza kumenya mihogo na yule mzee, wakazungumza Kirundi kuhusu mvua, kuhusu mbegu, kuhusu barabara. Baada ya muda, bila kumtazama mtoto, akauliza jambo dogo. Koko Nahimana akajibu huku kisu chake kikiendelea. Mimi nasikia Kirundi. Aliuliza msichana huyu analala hapa tangu lini, na jibu lilikuwa: tangu tulipomaliza kupalilia maharage, binti yangu alipomleta kutoka kule juu, alipoona miguu inajaa. Na huyu? Tangu mvua ya kwanza, kaka yake alipokufa kule mtoni, wakaogopa. Na wale wawili? Hao walizaliwa hapahapa. Hao ndio waliokuwa wanene.

Tulikwenda nyumba ya pili, ya tatu, ya tano. Jambo lilikuwa lilelile. Vita ilipozidi, watu wa mlimani na wa karibu na mto hawakuweza kuja kituoni kila wiki. Wakafanya jambo la akili kuliko yote: mtoto alipodhoofu, walimleta kwa shangazi, kwa bibi, kwa mke wa mjomba, yeyote mwenye nyumba karibu na Nabintu, wakamwacha alale pale. Wazima walibaki kule mbali pamoja na wazazi wao, mashambani. Nyumba za mbali zilionekana zina watoto wenye afya kwa sababu wagonjwa walikuwa wameshatolewa. Wengine walikuwa wamezikwa, na aliyezikwa hana mkono wa kupima. Kituo hakikuwadhoofisha watoto. Udhaifu ndio uliowaleta kituoni, na modeli yangu, iliyoshusha kila kitu, haikuweza kushusha jambo ambalo sikuliuliza. Nilihesabu mikeka waliyolalia, si walikotoka.

Na kwa nini hawakuniambia? Nilimuuliza Nabintu hivyo, kwa ukali kidogo, tukiwa tumesimama njiani. Alinitazama kama mtu anayetafuta kama ninatania.

"Mbele ya mutoto? Aseme huyu si wangu?"

Jambo hilo nilikuwa nalijua. Ninyi pia mnajua. Kwetu, mtoto aliyepokewa hasemwi kwamba ni wa mwingine, si mbele yake, si mbele ya mgeni mwenye karatasi, na wakati wa vita ndiyo kabisa, maana hujui kama aliyemleta atarudi kumchukua. Kusema si wangu ni kumtoa nje. Mtu aliyezaliwa Ulaya angekosea hapa na angesamehewa. Mimi nilizaliwa juu ya Luvungi.

Nabintu hakuniacha nipumue.

"Na weye, nani alikulea?"

"Shangazi. Kavimvira."

"Juu ya nini?"

Alitaka sababu, nikamwambia kilichosemwa nyumbani siku zote, kwamba nilipelekwa kwa shangazi kwa ajili ya masomo.

"Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Sijui. Nilikuwa bado nabebwa."

"Mutoto wa kubebwa anasoma masomo gani?"

Kisha akauliza nyumba ya shangazi iko pembeni ya nini. Iko pembeni ya zahanati ya zamani ya misheni. Ukuta wake ndio ukuta niliojifunzia kuandika kwa mkaa.

Jioni ile nilirudi mjini kuchukua fishi tupu, na nikapitia Kavimvira. Shangazi yangu alikuwa hai bado, mdogo kama ndege, amekaa kwenye kizingiti anachambua sombe, majani ya mihogo. Nabintu alikuwa amenipa ushauri njiani: usiulize mtoto ni wa nani, uliza analala hapa tangu lini, swali hilo halimtoi mtu nje, linamwingiza. Mimi sikuwa nimeliamini bado. Nikaona bora nilijaribu. Kwanza nikauliza vibaya, kwa makusudi: nilimuuliza shangazi kama ni kweli nililetwa kwake mgonjwa.

"Nani anasema weye si wangu?" akaniuliza, na mikono ikasimama kwenye majani.

Nikasema hakuna aliyesema. Nikakaa, nikaanza kuchambua sombe naye. Tukazungumza juu ya bei ya mawese. Baadaye nikamuuliza, kama mtu anayewaza tu: shangazi, minye nalala humu tangu lini?

Alifikiri. "Tangu mvua ile ya mawe," akasema. "Mama yako alikuleta mgongoni, miguu imejaa maji, hata kulia hulii. Masista walikuwa wanatoa maziwa pale." Akaonyesha ukuta kwa kidevu. "Nilikuwa nakupeleka asubuhi, mchana na jioni. Ilibaki kidogo tu usilale popote tena."

Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo nikiwaambia watu kwamba nilijitengeneza mwenyewe.

Siku zilizobaki kabla ya lori hazikufika kumi. Nikachora safu mpya pembeni ya zile kumi, kwa rula na kalamu, kwenye kila fishi. Nabintu, wapimaji wawili na mimi tulirudi nyumba kwa nyumba. Tulikaa, tukamenya, tukachambua, tukapepeta, kwa sababu swali lile halijibiwi na mtu anayekuona umesimama. Nyumba za juu hatukufika zote. Kulikuwa na risasi huko siku mbili mfululizo, na nyumba hizo niliziacha tupu kwenye jedwali na kusema wazi kwamba ni tupu. Naomba mliweke hilo moyoni: sanduku tupu lililokiri kwamba ni tupu ni bora kuliko sanduku lililojazwa ofisini.

Kitu kilichotuokoa ni daftari la Nabintu. Tangu vita ilipoanza aliandika mkono wa kila mtoto siku alipofika mara ya kwanza, kwa kalamu ya rangi, nyekundu, njano, kijani, kwa kuwa wino wa kawaida ulikuwa umekwisha na kalamu hizo zilibaki kutoka shule iliyofungwa. Hakuna aliyemwagiza. Niliweka mkono wa siku ya kufika upande mmoja, mkono wa leo upande wa pili, na misimu ya mvua mtoto aliyolala pale katikati. Nikajenga modeli upya. Jenereta haikuwa na mafuta, kwa hiyo niliifanya kwa mkono, kwenye dirisha, nikilifuata jua kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine.

Jibu lilipinduka. Waliofika karibuni ndio waliokuwa wembamba. Waliolala pale mvua mbili walikuwa hawatofautiki na waliozaliwa pale, na waliozaliwa pale walikuwa na mikono minene kuliko wote. Kila mvua karibu na kituo iliongeza mkono. Yule msichana wa koko Nahimana alikuwa tayari ametoka nyekundu kuingia njano, na mvua moja ilikuwa haijaisha tangu aletwe.

Mkutano ulikuwa siku moja kabla ya lori. Nilivaa koti langu la mikutano. Nabintu alikaa nyuma, karibu na mlango, na daftari lake kwenye mapaja. Nilisimama nikasema jedwali langu la kwanza lilikuwa limekosea, na kwamba aliyekosea si kalkulatrisi wala wapimaji, ni mimi. Sentensi hiyo niliisema kwa Kifaransa na Kiswahili, ili asiwepo wa kusema hakusikia. Kisha nikaeleza.

Mratibu alisoma karatasi zote mbili, ya kwanza na ya pili, bila haraka. Kisha akauliza, kwa upole, na watu wakaanza kucheka kabla hajamaliza: mwezi uliopita ulituambia kituo kinaumiza watoto, leo kinawaokoa, mwezi ujao kitafanya nini?

"Mwezi uliopita niliuliza nikiwa nimesimama, bwana," nikamwambia. "Sasa nimekaa mkekani."

Hakucheka. Aliomba daftari. Nabintu akalileta mbele, akamfungulia kurasa zile zenye rangi, naye akazipitisha kidole taratibu, moja baada ya nyingine. Kisha akaweka kidole kwenye safu yangu iliyochorwa kwa rula, akauliza: swali hili nani alilifikiria?

Nilikuwa nimekiri kosa langu mbele ya wote, na nadhani nilihisi kwamba nimeshalipa vya kutosha kwa siku moja. Nikasema: "Ni njia tuliyoitengeneza ofisini."

Nabintu alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu. Alisikia. Alichukua daftari lake, akalifunga, akarudi mahali pake karibu na mlango.

Lori halikuja. Pakiti zilibaki Nyakabere, na mwaka uliofuata ziliongezwa. Mratibu yule namshukuru hadi leo, kwa sababu wapo wakubwa ambao wakishaandika barua hawaisomi tena. Daktari namshukuru kwa kunikatalia kisingizio. Swali likaingia kwenye fishi ya ofisi nzima, safu ya kumi na moja, na wageni waliokuja kujifunza walielezwa kwamba ni swali la Mutanzania. Nililisahihisha mara ngapi? Hata mara moja. Nilifanya kazi na Nabintu miaka mingi baada ya hapo, alinifundisha kumsubiri mtoto aache kulia, alinifundisha kwamba mama anayejibu haraka anataka uondoke. Hakuwahi kulitaja. Ila kila nilipofika kwake na mpimaji mpya alinipa kisu na rundo la mihogo kabla ya kunipa kiti.

Wiki iliyopita nilikodi pikipiki ya taxi-moto hadi Nyakabere. Nabintu alistaafu kabla yangu, sasa analima, na magoti yanamsumbua. Yule msichana wa koko Nahimana sasa ni mama, anauza ndagala Luvungi, na ana sauti inayosikika soko zima. Nilimwambia Nabintu kuhusu hotuba ya Esperansi na makofi. Nikamwambia nataka kuandika kwamba swali ni lake.

Aliendelea kumenya.

"Andika," akasema mwishowe. "Lakini na weye ujijaze. Fishi yako bado iko tupu."

Basi nimeijaza, na ninaiambatisha hapa, ili vijana wa ofisini waiweke na zile zenye harufu ya samaki. Safu ya umri: alikuwa bado anabebwa. Safu ya nyumba: ya shangazi, Kavimvira, karibu na zahanati. Safu ya mkono: haukupimwa, ila kwa maelezo ya aliyemlea ulikuwa kwenye nyekundu. Safu ya kumi na moja, swali la Mama Nabintu wa Nyakabere: analala hapa tangu mvua ya mawe, alipoletwa mgongoni.